Nimeitwa "bosi" wa mbwa huku Uholanzi! Hivi hili neno tulilitoa wapi?

Mbukwenyi! Wana Dodoma, na nyie wa Singida mnaochungulia hapa, habari za huko? Wakubwa wote, shikamooni. Leo niko nje. Huo mfereji mnaouona nyuma yangu uko Utrecht, Uholanzi. Ni saa moja na nusu jioni na jua bado linawaka kama saa tisa alasiri pale Nyerere Square. Upepo mtanisamehe.

Jana yamenikuta hapa hapa. Nimekaa kwenye benchi hili nakula mkate wangu, mara likaja jibwa jeusi, limelowa chapachapa, likajilaza juu ya viatu vyangu. Mnanijua, mimi nimekulia Chang'ombe, mbwa ukimwona unaokota jiwe kwanza, mengine baadaye. Nikaganda. Akapita mama mmoja na baiskeli, akaniuliza, "Ben jij het baasje?" Kiholanzi changu ni cha kuombea maji, lakini "baas" nalijua, ni bosi. Na hiyo "-je" ya mwishoni ni ya kudogosha, kama "ki-" yetu ya kijumba na kitoto. Kwa hiyo mimi nikasikia: wewe ndiye kibosi? Nikamjibu kwa adabu zote, hapana mama, mimi fundi tu wa baiskeli, bosi yuko karakana. Mama alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Kumbe huku mwenye mbwa ndiye anaitwa "baasje". Alikuwa anauliza kama lile jibwa ni langu.

Nikarudi nyumbani nikaanza kulifukua hilo neno. Jamani, "boss" ya Kiingereza, tuliyoichukua sisi tukasema bosi, Waingereza hawakuizaa. Ni ya hawa Waholanzi. "Baas" kwao ni bwana, msimamizi, fundi mkuu mwenye karakana. Zamani walikuwa na koloni Amerika, mji wao ukiitwa New Amsterdam. Mwaka 1664 Waingereza wakauchukua, wakaubatiza New York. Bendera ilishuka, maneno yakabaki. Brooklyn ni Breukelen, mji mdogo uko jirani tu na hapa, huwa nafika kwa baiskeli. Ile biskuti Wamarekani wanaiita "cookie" ni "koekje" ya Kiholanzi. Na "baas" ikawa "boss".

Utamu uko hapa. Kiingereza tayari kilikuwa na neno la mwajiri, "master". Lakini Marekani ya wakati ule, "master" ndivyo mtumwa alivyomwita mtu anayemmiliki. Sasa kibarua Mzungu, anayelipwa ujira wake, akaona hapana, mimi sina "master", mimi si mtumwa. Akaliokota "boss". Mwaka 1838 mwandishi mmoja wa kwao, James Fenimore Cooper, akawasuta: mnakimbia "master" halafu mnashika neno ambalo kwa Kiholanzi maana yake ni hiyo hiyo! Ni sawa na mtu agome kusema "bwana", aende akatafute "bwana" kwa lugha ya jirani, arudi nalo kifua mbele.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kijiwe chetu cha bodaboda, kicheko kikakata.

Pale kijiweni bosi ni nani? Abiria ni bosi. Trafiki akikusimamisha ni bosi, tena bosi sana. Na mwenye pikipiki ndiye bosi mwenyewe, unampelekea hesabu kila jioni. Yangu ilikuwa Sh 8,000, uwe umepata au hujapata. Siku moja tairi limepasuka njia ya kwenda Kisasa, nikampelekea 5,000. Akazihesabu taratibu, noti moja moja, abiria wangu amesimama pale anatazama. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Nikasema, "Sawa bosi." Ni neno lile lile nililomwita yule abiria dakika mbili nyuma ili asiombe punguzo. Maana tunajuana, ukimwita mtu "kaka" anaanza kupatana bei, ukimwita "bosi" anaona aibu hata kudai chenji.

Wenzetu wa daladala wao husema "tajiri". Mimi naona hilo ni neno la kweli zaidi, halijifichi. Mwenye gari ni tajiri, wewe huna, basi.

Na mabosi wenyewe wametufuata. Kuhamishia makao makuu Dodoma kuliamuliwa mwaka 1973, tukasubiri weee, kishindo chenyewe kikaja 2016. Leo nenda Mtumba kwenye mji wa serikali, simama katikati uite "bosi!" uone shingo zitakazogeuka.

Lakini kuna sehemu nyingine neno hili lilienda, na huko hakuna cha kucheka. Waholanzi hao hao walifika Afrika Kusini, lugha yao ikazaa Kiafrikaans, na "baas" ikabaki vile vile. Mtu mweusi, mzee mwenye wajukuu, alitakiwa amwite "baas" hata kijana wa Kizungu ambaye ndevu hazijaota. Watawala wa ubaguzi wakaligeuza siasa kabisa, wakaiita "baasskap", yaani Mzungu abaki kuwa bwana. Na waliokimbia hayo wengine walifikia wapi? Kongwa! Hapo hapo mkoani kwetu, ukikata kona Mbande. Wapiganaji wa ANC walikuwa na kambi pale tangu 1964. Namuwaza mmoja wao angefika leo, anashuka stendi na begi lake, boda sita wanamzunguka: bosi, bosi, twende bosi. Nadhani angerudi kwenye basi.

Ndiyo maana huyu mwenye karakana ninapofanya kazi alinikatalia. Wiki ya kwanza nikamwita "baas", akakunja uso, akaniambia nimwite kwa jina lake. Sasa mtu wa miaka sitini na kitu, mvi kichwa kizima, mimi nimwite jina kavu kavu? Mama yangu akisikia atanifuata huku kwa mguu. Tukavutana siku tatu. Mwisho nikaanza kumwita "mzee". Akauliza maana yake nini, nikamwambia mtu aliyekula chumvi nyingi. Akasema daktari amemkataza chumvi. Lakini ameshazoea, sasa akipiga simu anajitaja mwenyewe: "Ni mimi, mzee."

Sasa nyie niandikieni hapo chini, Singida na Manyoni mabosi mnawaitaje? Maana nasikia wengine ni "chifu", wengine "mku...

Subiri. Subirini. Lile pale, lile jibwa. Linakuja. Jamani, linakuja! Baasje! Baasje wake yuko wapi?