Tushone safina ya Atrahasis, chombo cha duara

Karibuni tena. Leo mezani nina kamba ya makumbi mita 30, shazia, uzi wa katani, chelewa 30 za ufagio, gundi ya mbao na masizi ya sufuria. Tunaunda safina. Siyo ile ya Nabii Nuhu mliyoizoea kwenye vitabu vya watoto, twiga anachungulia dirishani. Hii ni ya Atrahasis wa Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, na ni ya duara kama sinia.

Vipimo nimevitoa kwenye kibao cha udongo, ukubwa wake kama simu ya mkononi, chenye mistari 60, kilichoandikwa kati ya mwaka 1900 na 1700 KK. Irving Finkel wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alichapisha tafsiri yake mwaka 2014. Aliyewahi kusikia kisa cha Gilgamesh, utenzi wa kale wa huko huko, ataniuliza, si huyo ni Utnapishtim, yule aliyeokoka gharika? Ndiye. Wasumeri nao walimwita Ziusudra. Majina yanabadilika, kisa ni kimoja: mungu Enlil kachoshwa na kelele za watu, kaamua kuwafuta kwa maji, na miungu wote wamekula kiapo wasitoe siri. Basi mungu mwenzake, Enki, akaenda kusema na ukuta wa matete, Atrahasis akiwa upande wa pili anasikia: bomoa nyumba yako, unda chombo, achana na mali, okoa uhai. Kuongea na ukuta si kuvunja kiapo, au vipi?

Haya, hatua ya kwanza ni duara. Kibao kinasema urefu na upana viwe sawa. Chomeka pini katikati ya kadibodi, funga uzi wa sentimita 17 na nusu, zungusha penseli. Umepata upana wa sentimita 35. Chombo chenyewe kilikuwa kama mita 70, kwa hiyo tumekipunguza mara 200. Katika nakala moja ya kisa hiki, Atrahasis anakiri kwamba hajawahi kuunda chombo, anamwomba mungu amchoree ramani chini ardhini. Kwa hiyo usione haya kuchora.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi, nitakwenda taratibu. Anza katikati. Kunja ncha ya kamba iwe kama konokono, choma shazia ipite kamba zote mbili, vuta, kisha zungusha. Kila mzunguko ushone na ule uliotangulia, mshono mmoja kila upana wa kidole. Tazameni mkono wangu hapa: uzi unakaza, lakini kamba haijikunji. Mara ya kwanza nilivuta kwa nguvu zote, sakafu ikanyanyuka katikati, nikajikuta nimeshona kawa la kufunikia chakula. Ikianza kunyanyuka, fumua mizunguko miwili urudie. Ukifika kwenye mstari wa penseli, panda juu mizunguko sita, ukuta wa sentimita 3. Najua unaonekana mfupi, ila ndio vipimo: mita 6 kwenda juu, mita 70 kwa upana. Finkel alipiga hesabu ya kamba ya chombo kamili akapata kama kilomita 527.

Waliozoea habari za mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari, hawatashangaa. Na huko Iraki vyombo vya duara, viitwavyo kufa, vilivusha watu na mizigo mto Tigris mpaka karne ya 20.

Sasa mataruma, yaani mbavu za chombo. Ni 30. Kata chelewa sentimita 30, loweka, pinda ncha iwe kama ndoano, ishuke ukutani kisha ilale sakafuni. Zitapishana katikati, ziache zipishane, ndiyo nguvu yake. Kibao kinataka pia nguzo 3,600 ndani. Mimi naweka 12.

Angalia tulichopata: hakuna omo ya mbele, hakuna tezi ya nyuma, hakuna usukani. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hiki chote ni ngama, tumbo la chombo. Chombo hakikuwa na safari. Kilitakiwa kuelea tu, na duara haijali wimbi linatoka wapi.

Lami: wao waliipaka unene wa kidole kimoja nje, kidole kimoja ndani. Sisi tunachanganya gundi na masizi. Usichemshe lami ya barabarani jikoni, tafadhali. Paka, acha ikauke usiku mzima, rudia, kisha weka kwenye beseni la maji. Kikivuja, tia uzi uliochovywa gundi kwenye tundu.

Paa ni kipande cha mkeka. Wanyama wanaingia wawili wawili, hata hili limo kibaoni. Acha mlango mdogo ubavuni.

Mstari wa mwisho wa kibao ni agizo: nikishaingia, ziba mlango. Kwa hiyo chovya brashi uzibe kwa nje. Katika Gilgamesh aliyeziba ni fundi Puzur-Enlil, na Utnapishtim alimlipa jumba lake na vyote vilivyomo, mvua ikiwa imeshatanda.