Jinsi ya Kutoa Nakala ya Tundu la Kaa na Kulisoma

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo niko Matema, Kyela, kwenye kijito kinachoingia Ziwa Nyasa. Tafuta jipsamu ya mafundi dari, ndoo, kopo na maji.

Kwanza, chagua tundu. Hili lina utando wa buibui mdomoni, kwa hiyo mwenyewe kahama. Usimmiminie kaa jipsamu akiwa ndani, jamani.

Tia kopo moja la maji kwenye ndoo, kisha makopo mawili ya unga wa jipsamu. Koroga hadi iwe kama uji wa mtoto, umimine bila kukatiza. Sasa subiri. Mara ya kwanza nilivuta baada ya dakika 15, nikabaki na kipande kama karoti. Siku hizi nakaa saa nzima, halafu nachimba pembeni, sivuti.

Sogeza kamera. Mnaona? Shingo, kona, chumba cha chini, na hii michirizi ni kucha zake.

Mchanga ukigeuka jiwe, tundu kama hili hubaki. Ndiyo maana nalipenda kuliko kombe: kombe husombwa na maji likatupwa mbali, tundu halihami. Aliyelichimba aliishi papo hapo.

Sasa twende baharini. Pale mawimbi yanapopindua mchanga kila siku, wanyama huchimba wima. Chakula huwapitia majini. Kwenye mwamba utaona mirija imesimama kama mabua, wataalamu huiita Skolitho. Ukiona kuta zimekandikwa vidonge vya matope, hiyo ni Ofiomofa: kamba wachimbaji wa leo hufanya vilevile ili mchanga usiwaporomokee. Mbele zaidi, ambako ni dhoruba tu inayotikisa sakafu ya bahari, chakula hutua chini, na njia za wanyama hulala. Mjerumani Adolf Seilacher ndiye aliyepanga makundi haya miaka ya 1960.

Ila usitangaze kwamba mahali palikuwa bahari kwa mrija mmoja, hata mitoni mirija ipo. Tazama jirani zake, makombe hasa. Na huku kwetu Kiwira, kwenye makaa ya mawe, usihangaike kutafuta bahari: makaa yale ni ya vinamasi na mito. Nenda Tendaguru, Lindi, ambako tabaka za dinosaria zimepishana na za makombe ya bahari. Mawe yaache, piga picha.

Mwisho, kabla ya kufunga nakala yako kwenye gazeti, andika tarehe na mahali, uchore mshale wa upande wa juu. Nakala zangu mbili ziko kabatini, sijui kichwa wala miguu.