Barua ya kwanza ya kuacha kazi ipeleke nyumbani

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Nashukuru kualikwa hapa Maktaba Kuu, maana humu ndimo nilimojisomea wakati wa kidato cha sita.

Swali nililopewa ni hili: mtu yuko ughaibuni, ana kazi, anataka kurudi shule. Aache lini?

Jibu ninalolisikia kila siku ni "nikishatimiza akiba." Na mimi nilisema hivyo hivyo. Nilikwenda Dubai mwaka 2014, mteknolojia wa maabara katika hospitali binafsi, nikajiwekea lengo la dirhamu 20,000. Zilipofika 14,000 mdogo wangu akapata chuo, ada ikatoka pale pale. Nikaanza upya. Zilipokaribia 16,000 bibi akalazwa. Mwaka wa tatu ndipo nikaelewa kwamba akiba ya mtu anayetuma hela nyumbani haitimii. Si kwamba nyumbani ni wabaya. Shida zinakuja kwa mwenye nazo, na mwenye nazo ulikuwa wewe.

Huku akiba ikipanda na kushuka, miaka haikungoji. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani, ule wa kozi za maendeleo, hutaka angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepitisha miaka sita. Mimi nilihitimu 2013. Hesabu wenyewe. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hauna kikomo cha umri, nao unataka miaka miwili ya kazi, kisha ukimaliza masomo urudi nchini kwako ukae miaka miwili. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya kazi inakufungulia milango, halafu miaka inayofuata inaanza kuifunga mmojammoja. Tena kozi nyingi hupokea maombi karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Anayesema "mwakani nakwenda kusoma" alipaswa kutuma maombi mwaka huu.

Kuna mkataba pia, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mwezi wa 14 wa mkataba wangu wa pili nilitofautiana na msimamizi, nikafungasha begi. Dada mmoja wa Kitui niliyekuwa naye chumba kimoja akalivuta begi, akaliweka chini ya kitanda chake, akaniambia, "Lala kwanza." Kwa sheria ya kule ya wakati ule, ukivunja mkataba wa muda maalumu kabla ya miaka mitano unapoteza kiinua mgongo chote. Sheria mpya iliyoanza Februari 2022 imelegeza hilo, lakini muda wa notisi uko pale pale, na haupungui siku 30. Nilibaki miezi kumi. Ilikuwa mirefu.

Na kiinua mgongo chenyewe, someni karatasi. Nilikuwa nalipwa dirhamu 4,000. Sheria inatoa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, nikapiga hesabu yangu ya miaka minne: 11,200. Nikazipangia matumizi zote. Kumbe kwenye mkataba mshahara wa msingi ulikuwa 1,800, zilizobaki ni posho za nyumba na usafiri, na kiinua mgongo hukokotolewa kwenye mshahara wa msingi tu. Nikapokea 5,040.

Lakini yote hayo ni hesabu. Uamuzi wenyewe niliufanya Ijumaa moja, mwaka mzima kabla ya kuondoka, nilipompigia mama yangu Mbagala nikamwambia: "Mama, mwakani mwezi kama huu sitatuma kitu. Naenda kusoma." Akanyamaza. Nilisikia kipaza sauti cha muuza samaki kikipita nje kwake. Nilijua ataniuliza habari za ada ya mdogo wangu. Hakuuliza. Alisema, "Basi usinitumie ya kula mwaka huu, tutabana. Ezeka vile vyumba viwili vya uani."

Kuta zilikuwa zimesimama tangu baba yuko hai, mpapai umeota katikati. Kila mwezi dirhamu zangu zikawa mbao, misumari, bati, mlango. Nilipokwenda Ujerumani Oktoba 2018 vyumba vile vilikuwa na wapangaji, shilingi 40,000 kila kimoja kwa mwezi, wamelipa miezi sita mbele. Mimi nisingewaza kitu kama kile. Nilidhani kumwambia mama ni kumpa mzigo, kumbe ningemficha hadi mwezi wa mwisho ndio ningemvunja kweli, maana asingekuwa na mwaka wa kujipanga. Ndiyo maana nasema barua ya kwanza ya kuacha kazi ipeleke nyumbani, ya mwajiri itafuata.

Madogo madogo: chukua cheti cha tabia njema cha polisi na barua ya utumishi ukiwa bado kule, kuvifuatilia kutoka mbali kunachosha. Usikate laini ya simu kabla hujafunga akaunti, kwa sababu namba za siri za benki zinakuja kwenye laini hiyo. Na kabla ya kulipa ada ya chuo chochote cha nje, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada yake inatambulika hapa.

Sasa kaka yangu uliyenisimamisha mlangoni, wa Muscat, mwenye mkataba unaoisha Machi. Umenionyesha barua ya chuo, umenionyesha na salio la benki. Nikakuuliza kama mkeo anajua, ukacheka ukasema utamwambia kwa simu ukishafika. Ndege yako ni Jumapili. Leo ni Jumatano.