Sweta la Shilingi 35,000

REHEMA: Karibuni tena. Leo Baraka kaingia studio na sweta mkononi, wala hajasalimia.

BARAKA: Shikamoo, dada. Hasira. Jumatatu mwanangu Shani karudishwa getini shuleni. Ada nimelipa, hela ya basi nimelipa. Kosa lake hana sweta jipya. Sweta, Tabata, mwezi wa pili!

REHEMA: Marahaba. Mwezi wa pili huu ambao nalala feni ikiwa namba tano?

BARAKA: Huohuo. Na linauzwa kwa mhasibu wa shule peke yake, 35,000. Nimeshuka Kariakoo, rangi ileile, uzi uleule, 14,000. Wamelikataa, halina nembo.

REHEMA: Risiti ulidai?

BARAKA: Sijalinunua, ila nilionyeshwa na waliokwisha kununua. Wameandikiwa kwenye kikaratasi cha daftari.

REHEMA: Pole, baba Shani. Sasa, kuna msikilizaji wa Mbagala aliuliza: madarasa ya serikali yakifurika, serikali ikalipia watoto nafasi kwenye shule binafsi, iwabane wenye shule kwa masharti gani? Nina mafunzo matatu. La kwanza, Uganda. Mwaka 2007 walianza kuzilipa shule binafsi za sekondari kwa kila mwanafunzi, na kufikia 2018 wakaanza kuachana na mpango huo...

BARAKA: Na watoto hao sweta walinunua wapi?

REHEMA: Baraka.

BARAKA: Nauliza kweli! Serikali ikilipa ada, mwenye shule anaihamishia kwenye sweta, kwenye kitabu cha mazoezi, kwenye picha ya mahafali. Mzazi atalipa tu, mtoto yuko getini analia.

REHEMA: Basi umenirukisha hadi Chile. Sheria yao ya 2015 inasema shule inayopokea ruzuku isiendeshwe kwa faida, isichuje watoto mlangoni, na malipo ya wazazi yapungue hatua kwa hatua mpaka yaishe.

BARAKA: Yaishe, na sweta likiwemo! Hapa kwetu shule ya msingi ya serikali inapewa ruzuku ya 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na mwalimu mkuu anatakiwa abandike ukutani imetumikaje. Kwa 10,000 anabandika. Huyu wangu wa 35,000 anatoa kikaratasi. Shule binafsi ikigusa hata senti ya umma, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali afungue vitabu vyote vya hesabu, na stoo ya sweta aingie.

REHEMA: Hapo sikufuati. Akague fedha ya umma, aishie hapo. Hospitali teule za makanisa zinapokea fedha ya serikali miaka na miaka, na ni mali ya makanisa mpaka leo. Ukidai kila kitabu, shule nzuri zitasema asante, hatutaki. Zitakazokubali ni zile zilizokosa wanafunzi.

BARAKA: Pesa haina alama, dada. Ya serikali ikilipa umeme, ya mzazi inabaki kujenga nyumba ya mkurugenzi. Utazitenganishaje?

REHEMA: Akaunti yake, peke yake.

BARAKA: Na umeme ni mmoja.

REHEMA: Baraka, mama yangu alianza chekechea uani na madawati sita. Mkaguzi angekuja kuhesabu mpaka sukari ya uji, angefunga mwezi wa kwanza. Na wale watoto wangebaki barabarani.

BARAKA: Mama simsemi, namheshimu. Lakini sheria haitungwi kwa kumwangalia mama. Inatungwa kwa ajili ya yule aliyemfungia Shani geti.

REHEMA: Na inawaangukia wote wawili.

BARAKA: Iwaangukie.

REHEMA: Hapana.

BARAKA: Haya.

REHEMA: ...Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili! Funzo la tatu lilikuwa Milwaukee, Marekani. Walianza vocha, yaani serikali kumlipia mtoto ada shule binafsi, 1990, na shule zile zikaja kulazimika kuwapa watoto wa vocha mtihani wa jimbo mwaka wa masomo wa 2010/11. Miaka 20! Nilitaka kueleza mtihani una kazi gani kwenye haya yote...

BARAKA: Wiki ijayo.

REHEMA: Wiki ijayo ulishaahidi mambo ya mwendokasi. Msikilizaji wa Mbagala, nisamehe, nitakurekodia ujumbe mwenyewe. Baraka, kesho Shani anakwenda shule?

BARAKA: Anakwenda, na hili la Kariakoo. Nasimama naye getini.

REHEMA: Saa ngapi?

BARAKA: Saa moja kasoro.

REHEMA: Nipitie hapo Ubungo. Nakuja.