Lambo la Miaka 350: Nimewaleta Saint-Ferréol

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu, mambo vipi! Leo nipo Saint-Ferréol, karibu na mji wa Revel, kusini mwa Ufaransa. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona watu wanavyoogelea? Mara ya kwanza nilidhani ni ziwa la Mungu. Kumbe ni lambo! Walianza kulijenga mwaka 1667, wakamaliza 1672.

Kazi yake ni kuulisha maji mfereji wa Canal du Midi, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi pwani ya Mediterania. Sasa nisikilizeni vizuri, utamu uko hapa. Mfereji ule unavuka mgongo wa nchi pale Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, halafu unateremka pande zote mbili. Kila mashua ikishushwa kwenye malango, yaani vyumba vya maji vyenye milango vinavyoishusha ngazi kwa ngazi, maji yanashuka nayo na hayapandi tena. Kwa hiyo pale juu lazima maji yaingie kila siku, hata kiangazi. Aliyefumbua fumbo hilo ni Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi, wala hakusomea uhandisi. Akasema: tukinge vijito vya milima ya Montagne Noire, tuviweke akiba, tuvipeleke Naurouze.

Ukuta ninaoukanyaga una urefu wa karibu mita 800. Ndani yake kuna kuta tatu za mawe, katikati wameshindilia udongo. Udongo huo ulibebwa kwa vikapu, na wabebaji wengi walikuwa wanawake. Jamani, mama zetu! Riquet mwenyewe alifariki 1680, mfereji ukafunguliwa 1681, hakuuona.

Mimi ni mtoto wa Same, Upare. Nikisikia maji yanavyounguruma chini ya ukuta huu, namkumbuka babu na zamu yake ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Usiku maji yanajaa, alfajiri anazibua, yanateremka kwenye mahindi. Ndiva ile wazee waliichimba kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Akili ni ileile, ndugu zangu. Ila hili la huku hulikausha mara mojamoja, wakakagua na kukarabati, na bado linafanya kazi. Ya kwetu imejaa tope.

Desemba nakuja, nitabeba koleo. Wa kijijini kwetu, tupangeni siku. Na wewe ambaye ndiva yenu bado inashika maji, nitumie video nione.