Hofu ya ngoma ina tarehe: mazungumzo na vijana wa chuo

Haya jamani, mliobanana kule mlangoni sogeeni mbele, hakuna anayevutwa sikio kupimwa leo. Mambo ya mabango na kondomu mmeyasikia tangu shule ya msingi, sirudii. Mimi nina jambo moja, kila nikipewa maiki nalisema na ntalisema mpaka mnichoke: asiyetaka kabisa kupima ngoma, yaani virusi vya ukimwi (VVU), na anayepima kila wiki wanaumwa kitu kimoja. Wote wanalikimbia jibu.

Mnacheka. Kuna kijana mmoja, jina sitaji, fundi simu. Kaenda harusini kwa ndugu yake, kakutana na dada mmoja, muziki, vinywaji, mambo yakaisha peku, bila kondomu. Asubuhi ndo akili zinarudi. Siku ya tatu kaamka koo linawasha, kashika simu, kaandika dalili za ukimwi siku za mwanzo. Sasa hapo unategemea uambiwe nini? Homa, tezi, vipele, kuharisha. Jioni anazo zote! Kesho yake kakimbilia kupima, hana. Mhudumu akamwambia ni mapema mno, rudi baadaye. Yeye hakuuliza nirudi lini, alichosikia ni "huenda unao". Basi kaenda kituo kingine, na kingine, kahamia maabara za kulipia, vidole vimejaa matundu, kote anaambiwa huna na kote anatoka kanuna. Hali, halali, suruali ikaanza kumvuka, naye anawaonyesha watu mkanda, "mnaona navyoisha?" Baba, hujala wiki nzima! Hofu inapeleka moyo mbio, inatoa jasho usiku, inavuruga tumbo, inamaliza hamu ya kula. Yaani inakuletea dalili zile zile unazoziogopa, afu we unazibeba kama ushahidi.

Alipokuja kwangu ana bahasha ya majibu nene kama mtu mwenye kesi ya kiwanja. Nikamuuliza, harusi ilikuwa tarehe ngapi? Hajui. Vipele vya mgongoni kavihesabu kwa kioo, tarehe hajui! Tukaanza kutafuta kadi ya mwaliko kwenye WhatsApp, tukaipata.

Nang'ang'ania tarehe kwa sababu kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo. Ndani ya saa 72 kuna PEP, dawa za kuzuia VVU visijikite, unameza siku 28, na kadiri unavyochelewa ndo inavyopungua nguvu, kwa hiyo usiseme ntaenda Jumatatu, nenda usiku huo huo. Saa 72 zikipita, PEP basi tena, hapo unasubiri kupima. Na kusubiri kuna maana yake: kile kipimo cha haraka cha kidole kinatafuta kingamwili ambazo mwili wako umetengeneza, sio kirusi chenyewe, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza. Siku ya nne kipimo hakina cha kukwambia, hata ukipime mara kumi. Miezi mitatu ikitimia na hujarudia mchezo, jibu ni jibu. Ulimeza PEP? Anza kuhesabu ulipomaliza dozi. Basi yule kijana tukaweka alama kwenye kalenda, tukakubaliana kabla ya siku hiyo hakuna maabara na hakuna kusoma dalili kwenye simu usiku. Siku ikafika, kapima, hana.

Mnadhani alifurahi? Akaniuliza kama kipimo changu kimeisha muda.

Ndo nikamuuliza habari za nyumbani, ikatoka sasa. Ana mchumba, mahari ishatoka, na hajamwambia. Kumbe huyu alikuwa anatafuta kipimo cha kumwambia umesamehewa, na maabara gani inauza hicho? Tulizungumza habari za mchumba wiki nyingi kuliko tulivyozungumza VVU. Kwa hiyo wewe uliyepima kwa wakati wake na bado huamini, acha kubadilisha maabara, tafuta mshauri, hofu yenyewe ndo inayotaka kutibiwa sasa.

Kuna mwingine hapo anasema moyoni, bora nisijue, nikijua ntakufa kwa presha. Hayo yangekuwa na mantiki mwaka 1983 wakati wagonjwa wa kwanza wanaonekana Kagera, watu wanazikana na dawa hakuna. Leo dawa za kufubaza VVU zinatolewa bure, na mwenye virusi vilivyofubaa mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Sasa usijue ili iweje? Mwaka 2007 Kikwete, rais wa wakati huo, na mkewe mama Salma walitoa mkono hadharani pale Mnazi Mmoja wakapimwa, wengi wenu hapa mlikuwa mnanyonya au hamjazaliwa, rais na walinzi wake kakaa kwenye kiti, we unaogopa sindano ya kidole.

"Nesi ni jirani yetu." Hilo nalielewa, silicheki. Nenda kata nyingine. Au chukua cha kujipima mwenyewe, unapitisha kwenye fizi, sheria iliruhusu tangu 2019, na kituoni, kuanzia miaka 15 unaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Ila kikionyesha unao, hilo bado sio jibu la mwisho, nenda kituoni wakahakikishe.

Na nyie wanaume mnaosubiri mke aende kliniki ya wajawazito ndo msome majibu yenu kwenye kadi yake! Mwenzako kutokuwa nao haina maana wewe huna. Wapo wanandoa wanaishi miaka, mmoja anao mwingine hana.

Naona naonyeshwa saa. Haya haraka: ngoma imekula hofu yenu yote, hamna hata kahofu kalikobaki kwa kaswende na kisonono. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, inaziba mirija kimya kimya. Kaswende ikiwahiwa inaisha kwa sindano ya penisilini. Homa ya ini B ina chanjo, ulizieni. Na sio kila mkojo unaochoma ni UTI, acheni kununua antibayotiki duka la dawa mnagawana na mwenzako nusu nusu, hiyo dozi haimtibu yeyote. Mada ya jinsi ya kumwambia mpenzi nilikuwa nayo hapa kwenye karatasi, ntaisema siku nyingine.

Wapimaji wako chumba cha pili kushoto, kila mtu anaingia peke yake. Anayeuliza kwa niaba ya rafiki yake namkaribisha, naombeni tu huyo rafiki ajue tarehe. Na kama hazijapita saa 72, usipange foleni, nifuate mimi hapa hapa sasa hivi.