Waipa na Upepo: Mhadhara Kuhusu Umbo la Kifutio cha Kioo cha Gari

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wa ufundi wa magari, na nyinyi madereva mliokubali kukaa darasani siku ambayo mngeweza kuwa barabarani mkitafuta riziki, nawashukuru kwa kufika.

Juu ya meza hii nimeweka waipa mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani ambayo sote tumekua nayo: ina upinde mkubwa wa bati katikati, chini yake pinde ndogo mbili, na chini ya hizo nyingine tena, kama matawi ya mti uliogeuzwa kichwa chini, na mwisho kabisa ndipo unaposhikwa ule mpira unaogusa kioo. Ya pili haina pinde hizo. Ni ukanda mmoja uliopinda kidogo, wenye utepe wa chuma cha springi uliofichwa ndani ya mpira, na mgongoni una kitu mfano wa pezi la samaki lililobonyea upande mmoja. Kijana aliyenisaidia kupanga meza asubuhi aliniuliza kama hii ya pili ndiyo ya bei nafuu, kwa kuwa ina vipande vichache. Ni kinyume chake, na nitatumia saa hii kueleza kwa nini.

Ukimwuliza mtu kazi ya waipa atakwambia ni kufuta maji, naye hatakuwa amekosea. Ila maji yenyewe ni mzigo mwepesi. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, hata waipa iliyochoka itakufutia kioo ukaona mbele. Shida huanza gari linapokimbia, kwa kuwa hapo waipa huwa imekaa katikati ya upepo mkali unaojaribu kuibandua kwenye kioo huku ikitakiwa iendelee na kazi yake kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam, nikabahatika kupata kiti cha mbele. Tulipokaribia Makambako, ambako upepo ni mwenyeji, mvua ilitukuta uso kwa uso. Nilikuwa karibu na kioo kiasi cha kuiona vizuri ncha ya waipa ya dereva: kila iliporudi, sehemu ya urefu wa kiganja hivi iliachana na kioo, ikaacha utando wa maji mahali hasa ambapo dereva alikuwa akitazama. Akaegesha. Utingo akashuka na kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia mkono wa waipa pale penye springi, akakaza kwa nguvu zake zote, akafunga fundo. Tukaondoka, na waipa haikuinuka tena. Lakini ilianza kurukaruka juu ya kioo kama jembe juu ya mwamba, ikawa inalia kila inapogeuka, na tuliposimama Iringa kula nilishuka kuitazama nikakuta mdomo wa mpira umeliwa upande mmoja.

Simcheki utingo yule. Alichokifanya kwa dakika 2 ndicho watengenezaji wa magari walichokifanya kwa miongo mingi: upepo ukizidi, kaza springi. Tupige hesabu kidogo ili tuone njia hiyo inafika wapi.

Kanieneo ya hewa inayogonga kitu, yaani msukumo wake kwa kila eneo, ambao hupimwa kwa paskali, huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiwa mara 2, kanieneo huwa mara 4. Kwa hewa ya usawa wa bahari, kasi ya kilomita 50 kwa saa huleta kanieneo ya takriban paskali 116. Kwenye kilomita 80, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa mabasi yetu, inafika karibu paskali 300. Kwenye kilomita 100 ni 460 na kidogo, na kwenye kilomita 160, kasi ya treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, inakaribia 1,200. Dereva wa treni naye anatazama mbele kupitia kioo. Sasa tuchukulie waipa yenye urefu wa sentimita 60 ambayo fremu yake imeinuka sentimita 2 juu ya kioo, na tuchukulie kwamba springi yake inaikandamiza kwa nyutoni 10, yaani kama uzito wa mfuko wa kilo 1 ya sukari. Kanieneo hiyo ikiufanyia kazi uso wote huo, kwenye kilomita 50 upepo una kani isiyofika hata nyutoni 1.5, na springi haishughuliki nayo. Kwenye kilomita 160 kani hiyo inapita nyutoni 14. Upepo hauelekezi kani yake yote katika kuinua, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba kuna kasi ambayo springi inashindwa. Na madereva mkumbuke kwamba kasi inayohesabika hapa ni ya upepo unaolikuta gari, na mshale wa dashibodi hauijui. Basi linalokwenda kilomita 80 likipambana na upepo wa kilomita 40 linakutana na hewa ya kilomita 120, na kanieneo inazidi maradufu bila dereva kuongeza mafuta hata kidogo.

Basi kwa nini tusiweke springi ya nyutoni 25 tukalala usingizi? Kwa sababu springi haijui kama gari linakimbia au limesimama. Itaukandamiza mpira kwa nguvu ileile mjini kwenye manyunyu, msuguano utapanda, mota itafanya kazi ya punda, na mdomo wa mpira, ambao unatakiwa uinamie upande mmoja na kugeukia upande wa pili kila waipa inapobadilisha mwelekeo, utabaki umelala chini ya uzito. Mpira uliolala haukwangui maji, unayapaka. Kule kurukaruka nilikokuona ndiko kunakotokea mpira unapong'ang'ania kioo, ukaachia, ukang'ang'ania tena.

Sasa tuutazame upepo wenyewe unavyopita. Unapanda juu ya boneti, unafika kwenye mguu wa kioo, na hapo unapunguza mwendo na kujizungusha, ndiyo maana jani lililoanguka chini ya waipa linaweza kukaa pale safari nzima. Kutoka hapo unapanda kioo ukiongeza kasi kuelekea paa, na pembeni unakimbilia kwenye nguzo za kioo. Waipa ikiwa imelala chini inapumzika katika hewa tulivu, lakini ikiinuka inaingia kwenye mkondo wenye kasi zaidi, tena ikiwa bado imeukingama, na hapo ndipo kani ya kuiinua inapokuwa kubwa. Ikifika juu, imesimama karibu sambamba na nguzo, upepo unapita kwa urefu wake na kuikata kimshazari. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja usiozidi sekunde chache waipa inapitia hali za hewa zisizofanana kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo nawaomba vijana mlifuatilie kwa makini, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini ile waipa ya basi ilishindwa wakati wa kurudi na si wakati wa kupanda. Waipa inapopanda, mwili wa mpira unatangulia na mdomo unaburuzwa nyuma, upande wa boneti. Upepo unaotoka upande huohuo unaukuta mdomo umeinama kama paa la kibanda, unaugandamiza kwenye kioo. Inaporudi, mwili unatangulia kuelekea boneti na mdomo unabaki nyuma, upande wa paa la gari. Hapo upepo unakuta kabari iliyo wazi kati ya mpira na kioo, unaingia chini yake na kuinyanyua. Zaidi ya hayo, upepo unaisukuma waipa juu wakati mota inaivuta chini, na maji yaliyokuwa yakitiririka kushuka sasa yanapandishwa na upepo; kila mmoja wenu ameshawahi kuona matone yakitambaa kwenda juu kwenye kioo gari linapokolea mwendo.

Historia nitaipitia kwa haraka. Mary Anderson wa Birmingham, Alabama, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kifutio chake nchini Marekani tarehe 10 Novemba 1903. Kiliendeshwa kwa wenzo uliovutwa kwa mkono kutoka ndani, na kwa mwendo wa vyombo vya wakati ule upepo haukuwa hoja. Zikaja waipa zilizoendeshwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa wa injini, nazo zilikuwa na tabia ya ajabu: dereva akikanyaga mafuta apande mlima au alipite lori, mvuto unapungua na waipa inazubaa, tena wakati uleule anaoihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Mota za umeme ziliondoa kero hiyo. Upepo ukabaki.

Majaribio ya mwanzo ya kuupunguza yalikuwa ya kawaida ya mafundi. Ile fremu ya bati ilitobolewa matundu ili hewa ipenye badala ya kuibeba. Baadhi ya magari yalipewa pezi la plastiki kwenye waipa ya dereva peke yake, na mikono ya waipa ikachongwa isiwe ukuta mbele ya upepo. Yote hayo yalisaidia, lakini mzizi wa tatizo ulikuwa ile fremu yenyewe, kwa kuwa iliinuka juu na kuacha mapengo chini yake ambamo hewa iliingia.

Mwaka 1999 kampuni ya Bosch ilileta sokoni waipa bapa iliyoitwa Aerotwin, na baadaye wengine wakafuata njia hiyo. Ishikeni hii mkononi, muipitishe. Huu utepe wa chuma umepindwa kiwandani kuliko kioo chenyewe kinavyopinda, hivyo waipa ikibanwa kwenye kioo, utepe unanyooka na kusambaza mkandamizo kutoka ncha hadi ncha bila kuhitaji matawi ya bati. Fremu ikiondoka, kimo kinapungua, na kwa ile hesabu yetu, kimo kikipungua nusu, uso unaogongwa na upepo nao unapungua nusu.

Halafu njooni kwenye hili pezi, ambalo madukani wanaliita spoila. Pitisheni kidole upande uliobonyea. Mtaona kwamba linaanza karibu kabisa na kioo na kupanda kwa mkunjo mpaka ukingo wa juu. Upepo unaokuja kutoka kwenye boneti unaupanda mkunjo huo na kurushwa juu, mbali na kioo. Na kwa kuwa hewa imesukumwa juu, waipa nayo inasukumwa chini, kama kanuni ya tatu ya Newton inavyodai. Bawa la ndege limeundwa liisukume hewa chini ili ndege ipande. Hili limeundwa kinyume. Uzuri wake, na hapa nakiri kwamba nina mapenzi na kifaa hiki, ni kwamba mkandamizo huo nao hukua kwa mraba wa kasi. Gari likiwa foleni, pezi halifanyi lolote na springi laini inatosha. Gari likikimbia, upepo uleule uliotaka kuinyanyua waipa ndio unaoishikilia.

Lakini pezi lina mbele na nyuma, na hapa nazungumza na wanaonunua waipa na wanaozifunga. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mikono ya waipa zetu kwa kawaida imetokea upande wa kulia na ncha zinalala kuelekea kushoto. Kwa wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo mpangilio ni kinyume. Waipa yenye pezi la upande mmoja iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la usukani wa kushoto, ukiifunga kwenye gari letu, itageuka, na mbonyeo utatazama paa badala ya boneti. Itaingia vizuri kwenye ndoano, itafuta vizuri mbele ya duka, na mteja ataondoka ameridhika. Kasoro itajitokeza barabara kuu, na lawama itaangukia mpira. Zipo zenye pezi lenye mbonyeo pande zote mbili ambazo zinafaa kokote, na zipo ambazo kishikio chake kinaweza kuchomolewa na kugeuzwa. Kabla ya kulipa, ilaze kwenye kioo na utazame mbonyeo unaelekea wapi.

Kuhusu upimaji, watengenezaji huweka gari ndani ya handaki la upepo lenye vinyunyizio, wanatia rangi ing'aayo kwenye maji, wanazima taa na kuwasha taa za urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao huifanya rangi hiyo ing'ae, na kila mchirizi unaoachwa unaonekana kama mstari wa chaki ubaoni. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka waipa ifute walau asilimia 98 ya eneo kuu la kuonea la dereva, na iendelee kufanya kazi sawasawa gari likienda kwa asilimia 80 ya kasi yake ya juu au kwa kilomita 160 kwa saa, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Sisi hatuna handaki. Tuna gari lililoegeshwa hapo nje, mpira wa maji, na ile feni kubwa ya karakana. Waipa ya kulia nimeifunga kinyume kwa makusudi, ya kushoto iko sawa, na karatasi nyeusi nimezibandika ndani ya kioo ili michirizi ionekane. Madereva watangulie, kwa kuwa nataka mkae kwenye usukani mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi mshike saa mhesabu mizunguko, na mnitazamie ncha wakati wa kurudi.